Aliyefika Kwanza Alisubiri Mlangoni



Tafakari hii ilipaswa kutoka wiki tatu zilizopita. Nimekuwa naikwepa, na sababu mtaiona. Inahusu baiskeli, inahusu wachumba, na inahusu jibu moja baya nililolitoa hadharani huku napigiwa makofi.

Ilikuwa semina ya VIWAWA katika parokia moja ya wilaya ya Muleba. Mimi nipo mwaka wa kichungaji: falsafa nimemaliza, teolojia bado. Ni ule umri wa seminari ambao mtu anadhani hakuna swali linaloweza kumshinda. Tuliweka sanduku la maswali. Vijana wanaandika kwenye vikaratasi bila majina, frateri anasoma na kujibu. Maswali mengi ni yale mnayoyajua: je, kubeti ni dhambi, je, naweza kuoa Mlutheri, kwa nini tusiruhusiwe kupokea Komunyo kama tunaishi pamoja. Halafu nikafungua kikaratasi kilichokunjwa mara nne, maneno yamebanwa kama ya mtu anayeogopa kumaliza nafasi:

"Frateri, mchumba wangu ananichelewesha. Huu ni mwaka wa nne. Mimi nimepata ajira, yeye bado anahangaika, kila mwaka ananiambia ndoa ni mwakani. Nimsubiri au niende?"

Nilijibu ndani ya sekunde kumi. Nikasema dada yetu, maisha ni mbio. Mtakatifu Paulo anawaambia Wakorintho kwamba wanaokimbia uwanjani ni wengi lakini anayepata tuzo ni mmoja, basi na sisi tukimbie hivyo (1 Kor 9:24). Anayekuvuta nyuma, mwache huko huko nyuma. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nikajisikia vizuri, sitawadanganya.

Jioni, wakati tunapanga viti, kijana mmoja wa kwaya akanijia. Huyu ni mgonjwa wa baiskeli. Anatengeneza baiskeli za watu, na bando lake lote linaishia kwenye video za mashindano. Akaniuliza kwa adabu kabisa: "Frateri, ulisema maisha ni mbio. Ni mbio zipi? Maana mbio ziko nyingi."

Nikamwambia sijamwelewa. Akatoa simu.

Alinionyesha mashindano ya Afrika Kusini, katika jimbo la Western Cape, yanayoitwa Cape Epic. Yalianza mwaka 2004. Ni siku nane za baiskeli za milimani, kwa kawaida kilomita kati ya 600 na 700 za vumbi, mchanga na mawe, na ukijumlisha miinuko yote unakuta wamepanda karibu mita 15,000. Kilimanjaro ina mita 5,895, pigeni hesabu wenyewe. Lakini kilichonigusa si urefu wala milima. Ni kwamba mashindano hayo watu wanaingia wawili wawili. Wapo wanaume wawili, wapo wanawake wawili, na lipo kundi la mchanganyiko, mwanamke na mwanaume, na humo ndimo utawakuta hata wachumba, hata mke na mume.

Na kuna kanuni. Hao wawili hawaruhusiwi kuachana zaidi ya dakika mbili. Wanakaguliwa njiani. Mkiachana mnaongezewa muda wa adhabu, mkirudia mnaweza kuondolewa kabisa. Zaidi ya hapo, muda wenu wa kumaliza hauhesabiwi kwa yule wa kwanza kuvuka mstari. Unahesabiwa kwa yule wa pili.

"Sasa hapo, frateri," kijana akasema, "mwenye nguvu akimwacha mwenzake anapata nini?"

Nikamjibu kwamba naona hapati kitu.

"Anapata kusimama juani, anamtazama mwenzake akija, na saa inaendelea."

Akanieleza na jambo la upepo. Wanaoendesha baiskeli kwa kasi wanapambana na upepo kuliko tunavyodhani sisi wa kwenda sokoni. Kwa hiyo mwenye nguvu anakaa mbele, anaukata upepo, na anayekaa nyuma yake karibu kabisa anaokoa nguvu nyingi. Lakini kinga hiyo ni fupi. Wa mbele akisogea mita chache tu zaidi ya inavyotakiwa, wa nyuma anarudi kupigwa na upepo peke yake. Kwa macho ya watazamaji bado wanaonekana wako pamoja. Kumbe hawako pamoja. Mmoja yuko peke yake mbele, na mwingine yuko peke yake nyuma.

Nilikwenda kulala na hilo. Mbio za Mtakatifu Paulo ni za kweli, na mimi sina mamlaka ya kuzirekebisha. Lakini dada yule hakuniuliza juu ya mbio za mtu mmoja. Aliuliza juu ya mbio za watu wawili, mimi nikamjibu kwa kanuni za uwanja mwingine. Na hata Paulo, mkisoma barua yote hiyo kwa Wakorintho, mtaona kwamba mbio anazozisema zinamlazimisha kujifanya dhaifu kwa walio dhaifu. Mistari hiyo iko juu kidogo tu ya ule niliounukuu kwa mbwembwe. Sikuifikia.

Siku chache baadaye nilikuwa naandaa kipindi cha watoto wa Komunyo ya Kwanza, nikafungua Injili ya Dominika ya Pasaka, Yohane 20:1-9. Mnaijua. Maria Magdalena amekuta jiwe limeondolewa, anakimbia kuwapa habari Simoni Petro na yule mwanafunzi ambaye Yesu alimpenda, ambaye mapokeo ya Kanisa yanatuambia ni Yohane. Hao wawili wanatoka mbio kwenda kaburini. Halafu Mwinjili anatupa habari ambayo angeweza kabisa kuiacha: nani alikuwa na kasi. Yule mwanafunzi mwingine alimpita Petro, akafika wa kwanza.

Tulipokuwa seminari ndogo tulikuwa tunaucheka mstari huo. Tulisema Yohane anajisifia mbio zake mpaka ndani ya Biblia. Hatukuwa tunaendelea kusoma. Amefika wa kwanza, ameinama, ameona vitambaa vya sanda vimelala. Na hakuingia. Fikirini, vijana. Habari kubwa kuliko zote tangu dunia iumbwe iko hatua mbili mbele yake, miguu yake ndiyo imeifikia kwanza, na anasimama mlangoni. Petro anakuja nyuma anahema, anaingia yeye kwanza. Ndipo na yule aliyetangulia anaingia, anaona, anaamini.

Na Petro huyo, usiku wa Alhamisi alikuwa amemkana Bwana mara tatu. Injili haisemi kwa nini alikuwa mzito kuliko mwenzake. Wengi wanasema ni umri. Mimi nawaza, na hili ni wazo langu tu, kwamba mtu mwenye jambo kama hilo kifuani hawezi kukimbia kama mwingine. Anayechelewa mara nyingi amebeba kitu.

Ila angalieni na upande wa pili. Yohane hakujilemaza njiani ili Petro asijisikie vibaya. Alikimbia kadiri ya miguu aliyopewa. Kwa hiyo dada aliyepata ajira asione haya kwa ajira yake, asifiche mshahara, asijifanye mjinga kikaoni ili mchumba aonekane mwanaume. Kimbia. Jambo ni kwamba kuna mlango ambao hauingiwi peke yako, na mtu akifika hapo anasimama.

Labda mtaniuliza mimi ninajua nini, mtu ninayejiandaa kwa useja. Ni haki yenu. Ninachokijua juu ya wawili sikukipata kwenye falsafa. Nimekipata kwenye mlima wa Kamachumu.

Wenyeji wa Kagera mnaufahamu. Unatoka Bukoba mjini unakuja na barabara ya Muleba, ukifika Muhutwe unaiacha lami kuu unaanza kupanda kwenda Kamachumu, kule alikozaliwa Kardinali Laurean Rugambwa. Ziwa linabaki chini, linazidi kuwa pana kadiri unavyopanda, na ukiwa na baiskeli yenye mzigo hulioni kabisa kwa sababu unatazama tairi la mbele. Baba yangu alikuwa mchuuzi wa baiskeli, Phoenix nyeusi yenye keria ya nondo aliyoiunganisha kwa fundi. Kushuka alishuka na mikungu ya ndizi. Kupanda alipanda na dagaa, sukari, sabuni, chochote kilichotakiwa dukani. Kushuka kulitaka breki na ujasiri. Kupanda kulitaka watu wawili.

Siku za gulio mama alikwenda naye. Baba anashika usukani, mama anasukuma keria kwa nyuma, na kwenye kanga amefunga jiwe. Nilikuwa mdogo, nilidhani ni jiwe la kufukuzia mbwa. Kumbe lilikuwa la tairi. Wakifika mahali pumzi imekwisha, mama anasema "tusimame", baba anabana breki, mama anaweka jiwe nyuma ya gurudumu, wanapumzika bila mzigo kuwarudisha chini. Halafu wanaanza tena. Aliyeamua pa kusimama alikuwa mama siku zote. Nilimuuliza baba kwa nini, akasema yeye aliye mbele hawezi kujua wa nyuma amebakiwa na nini.

Sasa msidhani nawaletea hadithi ya ndoa isiyo na doa. Nilipokuwa darasa la tatu baba alitutangulia. Alikwenda Mwanza kutafuta maisha, akasema akishapata chumba atatuita. Miezi sita ikawa mwaka, mwaka ukawa minne. Pesa ilikuja mwanzoni, kisha ikawa ya kuokoteza, kisha ikakoma. Mama alisukuma peke yake. Shangazi zangu walikuja kukaa vikao, na baadhi yao, dada zake baba wa tumbo moja, walimwambia mama arudi kwao, amechezewa vya kutosha.

Baba alirudi. Nakumbuka ilikuwa jioni, tuko jikoni, mbwa akabweka, na kuna mtu amesimama nje ya mlango na begi moja. Hakuingia mpaka mama alipotoka.

Juzi, baada ya lile jibu langu la semina, nilimpigia mama nikamuuliza: "Mama, ulimsubiri vipi baba miaka minne yote ile?" Nilitegemea aniambie juu ya Rozari. Akacheka. Akasema, "Mwanangu, nani kakwambia nilisubiri? Nilikuwa nasukuma. Halafu siku moja nilichoka, nikamwambia dereva wa basi aliyekuwa anamfahamu: mkimwona baba fulani mwambieni mke wake anasema amechoka. Hayo tu. Haikwisha wiki mbili akaja." Baba naye, siku nyingine, aliniambia kwamba miaka yote ile alijipa moyo kwamba mama anaweza, kwa sababu hajawahi kumsikia akisema hawezi. Simtetei. Alikosa, na yeye mwenyewe amesema hivyo mbele ya padre na mbele ya mama. Lakini mnasikia lilipokaa tatizo? Mmoja hakutazama nyuma. Mwingine alikaa muda mrefu bila kusema "tusimame".

Kwa hiyo kanuni ya dakika mbili haimbani aliye mbele tu. Inambana na wa nyuma. Kijana wangu wa kwaya anasema hata kwenye yale mashindano walioshiriki wanaonya jambo hilo: mwenye kuishiwa nguvu anayenyamaza kwa sababu ya aibu huwaponza wote wawili kuliko yule anayesema mapema. Kiburi cha mwenye nguvu tunakikemea sana kwenye mahubiri. Kiburi cha aliyechoka tunakiita uvumilivu.

Katika Injili ya Luka kuna wafuasi wawili wanaokwenda Emau (Lk 24:13-35). Ni safari ya kilomita kumi na moja hivi, nao wana huzuni, na mwendo wa huzuni tunaujua. Bwana aliyefufuka, ambaye mauti yameshindwa kumshika, anatembea kwa mwendo wao. Wakikaribia kijiji anafanya kama anataka kuendelea mbele. Na wao wanamsihi akae nao. Ni baada ya hapo tu ndipo anaingia na kuumega mkate. Hata kwa Mungu, ambaye hana haja ya kuambiwa, iko nafasi ya sisi kusema: usitupite, kumekuchwa.

Nataka niwape na wanandoa wawili watakatifu, maana watoto wao mnawajua kuliko wao. Louis Martin na Zélie Guérin wa Ufaransa, wazazi wa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Walifunga ndoa Alençon tarehe 13 Julai 1858. Walizaa watoto tisa, wanne wakafa wadogo, na watano waliobaki wote walikuwa watawa. Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015, na walikuwa mume na mke wa kwanza katika historia ya Kanisa kutangazwa watakatifu pamoja katika adhimisho moja. Hayo mnaweza kuyasoma kokote. Mimi nataka mtazame kazi zao. Louis alikuwa fundi saa mwenye duka lake. Zélie alikuwa na biashara ya lesi, ile nakshi ya uzi ambayo Alençon ilisifika kwayo. Biashara ya mke ikakua kuliko ya mume. Louis akaliachia duka lake la saa, akaingia kumsaidia mke kuendesha biashara ya lesi. Mwaka gani? Mnamo 1870, karne na nusu iliyopita, siyo leo. Na miaka saba baadaye Zélie alifariki kwa saratani, Louis akabaki anasukuma na mabinti watano.

Kaka zangu mnaoona aibu mchumba akiwa na ajira na wewe bado, mtazameni fundi saa huyo. Kukaa nyuma ya mwenzako akukinge upepo kwa muda siyo kushindwa. Kesho mnabadilishana.

Sasa nirudi kwenye swali la dada, kwa sababu bado halijajibiwa na sitaki mtu aseme frateri kaamrisha wasichana wasubiri milele. Kuna mtu aliyechoka, na kuna mtu ambaye hajapanda baiskeli. Aliyechoka unamwona: anahema, anatoka jasho, ana jambo analolifanya hata kama ni dogo. Ambaye hajapanda ana maneno tu. Miaka minne anasema mwakani, na hajawahi kufika kwa katekista hata kuuliza mafundisho ya ndoa yanaanza lini. Huyo hachelewi, kwa sababu hayuko safarini. Na anayekupiga, au ana mchumba mwingine Kemondo na mwingine Bukoba, huyo usimwite dhaifu wa kusubiriwa. Ondoka, na ukihitaji msaada wa kuondoka njoo parokiani.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Aristotle, anasema kupenda ni kumtakia mwingine mema. Nilipata alama nzuri kwenye swali hilo Ntungamo. Lakini kwenye mtihani hakuna aliyeniuliza: mema hayo unayomtakia, yako umbali gani kutoka kwake, na anaweza kuyafikia kwa mwendo upi?

Na jambo jingine la huku kwetu nalisema kwa haraka. Wengi wanaochelewa ndoa hawacheleweshwi na Kanisa. Wanacheleweshwa na ukumbi, kamati, sare, na mahari inayopandishwa kama bei ya kahawa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1108, inataka mhudumu wa Kanisa mwenye mamlaka hayo na mashahidi wawili, na wawili hao waseme ndiyo yao kwa hiari. Hakuna popote palipoandikwa keki. Wazee wangu watanisamehe, lakini kuna wachumba tumewafungia magunia kwenye keria halafu tunawashangaa hawapandi mlima.

Wiki mbili baada ya semina kijana mmoja alikuja kuniona. Nimemwomba ruhusa kuandika haya, na mambo ya kumtambulisha nimeyaacha. Alikaa muda mrefu anazungusha kofia yake. Kisha akasema: "Frateri, kile kikaratasi kilikuwa changu. Yaani, kilinihusu mimi. Nilikuwepo ukumbini, nimekaa nyuma." Niliwaza yale makofi.

Baba yake alifariki mwaka wa kwanza wa uchumba wao. Ana wadogo watatu, mmoja yuko kidato cha tano. Pesa yote ya mahari aliyokuwa ameiweka imekwenda kwenye matibabu, msiba, na shule. Kila mwaka anaanza upya kuweka. Nikamuuliza kama mchumba wake anajua. Akasema anajua msiba, haijui hesabu. "Nilitaka nimwambie nikishakuwa na kitu mkononi."

Nilimwomba msamaha. Halikuwa tendo zuri la unyenyekevu, nilikuwa nagugumia tu. Alinisamehe upesi mno, kwa namna ile watu wanavyowasamehe mafrateri kwa sababu ya kanzu. Nikamsimulia habari ya dakika mbili, na ya mama na jiwe lake. Aliposikia ya jiwe aliinamisha kichwa.

Na dada naye nilimtafuta, kupitia mama mlezi wa vijana, ili isiwe siri baina ya frateri na binti. Nikamwambia kwamba jibu langu lilikuwa la haraka na lilikuwa la mbio nyingine. Sikumwambia amsubiri. Sikumweleza pia ya kijana, kwa kuwa hayakuwa yangu kuyasema. Nilimwambia tu kwamba kabla hajaondoka amgeukie, amuulize mzigo una kilo ngapi. Alinitazama kwa hasira ambayo nilistahili. Akasema, "Frateri, nimeuliza miaka minne. Na yeye ajifunze kusema." Ana haki.

Jana kijana amenitumia ujumbe. Amemwandikia mwenzake hesabu yote, shilingi kwa shilingi, ada, deni la dawa, kilichobaki, kurasa mbili za daftari, akazipeleka mwenyewe kwa miguu. Mpaka naandika hapa bado hajajibiwa.

Waombeeni wote wawili bila kuwatafuta ni akina nani. Ombeni na kwa ajili ya wale mnaowajua ninyi ambao wameachana kwenye mlima wakiwa bado nyumba moja. Kule Italia, juu ya Ziwa Como, kuna kikanisa cha Mama Bikira Maria wa Ghisallo, na mwaka 1949 Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Mbili alimtangaza kuwa mlinzi wa waendesha baiskeli. Ni kilima juu ya ziwa, kama kwetu. Nami jioni hii namwomba hivi:

Ee Maria, uliyekwenda kwa haraka mpaka milimani kwa Elizabeti, na ulipofika ukakaa naye miezi mitatu, uwaombee wanaotangulia watazame nyuma. Uwaombee waliochoka waweze kusema. Uwaombee wale wawili wa Muleba, na baba na mama yangu, ambao magoti yao sasa yamekuwa mabaya na mlima hawaupandi tena kwa baiskeli. Amina.